Virutubisho na madini: jua unachokosa kabla hujanunua kopo

Swali la virutubisho linapofika famasi siku hizi, mara nyingi huja na picha kwenye simu: kopo jeupe, maandishi ya rangi ya dhahabu, na ujumbe uliotumwa na shangazi au mtu wa kazini. "Hii ni nzuri?" Mteja anataka ndiyo au hapana, na mfamasia hawezi kumpa. Kidonge kilekile cha madini chuma kinachomfaa mama mjamzito mwenye damu 8 hakina kazi yoyote kwa kijana mwenye damu 15, na kinaweza kumdhuru mgonjwa wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi, kwa sababu mwili wake tayari umelimbikiza chuma. Kirutubisho kina faida pale tu mwili unapokuwa na upungufu. Usipokuwepo, vitamini B na C za ziada kwa sehemu kubwa zinatoka na mkojo (ule unjano mkali baada ya kumeza B kompleksi ndiyo hela yako hiyo inaondoka), na zile zinazoyeyuka kwenye mafuta kama A na D zinabaki mwilini zikirundikana.

Kwa hiyo tuanze na upungufu, makopo tutayafikia.

Hatua ya 1: Jua unakosa nini

Kuna watu ambao upungufu wao unatarajiwa hata kabla ya kupima. Wajawazito wanahitaji chuma na asidi ya foliki. Mwanamke anayepanga kushika mimba anahitaji foliki mapema. Watoto wa miezi 6 hadi 59 wanapewa vitamini A, na mtoto yeyote anayeharisha anapewa zinki. Aliyetumia metfomini ya kisukari kwa miaka, na asiyegusa kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, wana hatari ya kupungukiwa B12. Anayemeza isoniazidi, iwe kutibu au kuzuia kifua kikuu, anatakiwa kupewa B6. Ndugu zetu walio Uingereza au Kanada wakati wa baridi, na wanawake wa Ghuba wanaojifunika na kushinda ndani kwenye kiyoyozi, wanapungukiwa vitamini D kirahisi.

Kama humo kwenye orodha hiyo, na unakula ugali au wali pamoja na maharage, mboga za majani, matunda na dagaa au nyama mara kadhaa kwa wiki, huenda huhitaji kununua chochote. Uchovu peke yake hauthibitishi kwamba unakosa vitamini. Malaria, mimba, kisukari, tezi ya shingo, msongo na kulala kwa muda wa saa 5 tu kila usiku vyote vinachosha.

Kipimo cha kwanza kinachostahili hela yako ni cha wingi wa damu. Kinapatikana hadi kwenye vituo vidogo vya afya, na tone moja la kidoleni linatosha. Mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ya damu, mjamzito chini ya 11, mwanaume chini ya 13, hiyo ni anemia. Kujua kama chanzo chake ni chuma kunahitaji kipimo cha feritini (akiba ya chuma mwilini) kwenye maabara kubwa, au daktari anayeangalia picha nzima.

Kuna "kipimo" kimoja ambacho usikilipie hata shilingi: ile mashine ya kushika kirungu cha chuma kwenye semina. Unakishika dakika moja, kompyuta inatoa kurasa kadhaa zenye mishale myekundu, kalsiamu iko chini, ini limechoka, mishipa ina mafuta, halafu anayekusomea majibu ndiye huyohuyo anayeuza makopo ya kurekebisha yote hayo. Hakuna kifaa kinachopima zinki au kalsiamu ya mwili kupitia kiganja. Ukitaka kuhakikisha, mpe mwenzako akushikie kirungu kwa jina lako, uone majibu yanavyobadilika.

Hatua ya 2: Madini chuma, na namna ya kuyameza

Nitakaa hapa zaidi, kwa sababu hiki ndicho kirutubisho chenye faida kubwa na kinachoharibiwa sana na matumizi.

Chuma ndicho kiini cha himoglobini, kinachobeba hewa ya oksijeni kwenye damu. Kikipungua, unapanda ngazi moja unahema, moyo unadunda, macho kwa ndani yanakuwa meupe. Wengine wanashikwa na hamu ya barafu, mchele mbichi au udongo. Mama anayetafuna udongo wa sokoni mimba nzima asichekwe, apimwe damu: hamu hiyo huambatana sana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unaweza kumletea mayai ya minyoo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mjamzito ameze kila siku chuma halisi miligramu 30 hadi 60 pamoja na foliki miligramu 0.4, na pale ambapo anemia ya wajawazito ni kubwa linashauri 60. Zingatia hilo neno "halisi". Kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina chuma halisi kama 65 tu, kilichobaki ni chumvi iliyokibeba. Ferasi glukoneti ya 300 ina takribani 35. Ndiyo maana kopo la bei kubwa lenye namba kubwa mbele linaweza kuwa na chuma kidogo kuliko vidonge vinavyotolewa bure kliniki.

Sasa kumeza. Kosa kubwa la nyumba zetu ni chai. Mtu anaamka, anakunywa chai na chapati, anameza kidonge cha damu na funda la mwisho la kikombe. Tanini za chai zinakamata chuma tumboni na sehemu kubwa inaishia chooni, na kahawa inafanya vivyo hivyo. Maziwa na kalsiamu navyo vinazuia. Kwa hiyo:

Meza saa moja kabla ya kula, au saa 2 baada ya chakula na chai, kwa maji au juisi ya chungwa au ubuyu, maana vitamini C inasaidia chuma kuingia. Kama tumbo linavuruga, meza usiku kabla ya kulala baada ya kula kidogo. Unapoteza kiasi fulani, lakini kidonge kilichomezwa na chakula ni bora kuliko kilichofichwa chini ya godoro.

Choo kitakuwa cheusi. Hilo ni kawaida, ni chuma kisichofyonzwa. (Choo cheusi kinachonata kama lami kwa mtu asiyemeza chuma, au chenye maumivu makali ya tumbo, ni jambo jingine, nenda hospitali.) Choo kikiwa kigumu, ongeza maji, papai na mboga za majani. Wanaoacha vidonge kwa ajili ya hilo ni wengi mno, na wengi hawakuambiwa mapema.

Usimeze viwili ukidhani utawahi. Baada ya dozi, ini linatoa homoni iitwayo hepsidini ambayo inafunga mlango wa utumbo kwa karibu siku nzima, hivyo kidonge cha pili kinakuta mlango umefungwa. Ndiyo sababu kwa mwanamke asiye mjamzito mwenye upungufu mdogo, baadhi ya madaktari siku hizi wanaandika kidonge kimoja siku moja, kesho yake hapana. Mjamzito afuate alichoandikiwa kwenye kadi yake.

Na watoto? Hapa kuna somo lililotoka Pemba. Watafiti waliwapa watoto wadogo wa kisiwa hicho chuma na foliki kila siku, kwenye utafiti uliohusisha zaidi ya watoto 24,000. Matokeo yalichapishwa 2006: waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kulazwa au kufariki kuliko wasiopewa, na sehemu hiyo ya utafiti ilibidi isimamishwe mapema. Kisiwa kilikuwa na malaria nyingi wakati huo. Lakini kwenye kundi dogo lililopimwa damu kwa karibu, watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na anemia walinufaika. Tangu hapo ushauri ni kwamba kwenye maeneo ya malaria mtoto apewe chuma sambamba na kinga na tiba ya malaria. Kwa mzazi maana yake ni nyepesi: usimnunulie mtoto dawa ya damu ya maji kwa sababu "amepauka". Apimwe damu na malaria kwanza.

Kwenye chakula, chuma cha maini, nyama na samaki kinaingia vizuri kuliko cha mchicha na maharage. Kamulia ndimu kwenye mchicha wako, na chai isubiri kidogo.

Hatua ya 3: Foliki, mapema kuliko unavyodhani

Mfereji wa neva wa mtoto, unaogeuka kuwa ubongo na uti wa mgongo, unafunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa. Wengi wakati huo ndiyo kwanza wanahesabu siku zilizochelewa. Ukianza foliki siku ya kliniki ya kwanza na mimba ina miezi minne, inasaidia damu, lakini kwa kuzuia mgongo wazi umechelewa. Foliki ya miligramu 0.4 inaanzwa kabla ya kushika mimba na kuendelea hadi wiki ya 12. Mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi anahitaji dozi kubwa zaidi, na hiyo aandikiwe na daktari.

Ila angalia namba. Famasi nyingi zina vidonge vya foliki vya miligramu 5, na hizo 5 kwa siku zinapunguza nguvu ya SP, dawa anayomeza mjamzito kliniki kujikinga na malaria. Mjamzito wa kawaida anayepewa SP abaki kwenye 0.4. Mwenye selimundu, ambaye humeza 5 kila siku, aseme hilo kliniki mapema ili wampangie.

Hatua ya 4: Mengine, kila moja kwa kiasi chake

Vitamini A. Tanzania inatoa matone kwa watoto mwezi Juni na Desemba: uniti 100,000 kwa miezi 6 hadi 11, na 200,000 kuanzia mwaka hadi chini ya miaka mitano. Ini la mtoto linaitunza na kuitumia kidogokidogo, ndiyo maana mara mbili kwa mwaka zinatosha. Kati ya hapo mpe viazi lishe, embe, papai na matembele yaliyoungwa kwa mafuta. Mjamzito asipitishe uniti 10,000 kwa siku, maana nyingi zinaweza kumlemaza mtoto tumboni; mafuta ya ini la samaki na maini ya kila siku viangaliwe. Utafiti wa miaka ya 1990 Dar es Salaam, kabla ARV hazijaenea, ulionyesha kwamba vitamini A iliongeza uambukizo wa VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, wakati mchanganyiko wa B, C na E uliwasaidia akina mama haohao. Neno "vitamini" halina maana ya "salama".

Zinki. Mtoto anayeharisha apewe ORS na zinki miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafikisha miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Kuharisha kunaweza kukoma mapema na utataka kuacha. Maliza dozi, kwa sababu inapunguza uwezekano wa kuharisha tena miezi miwili mitatu ijayo. Mtu mzima anayemeza zinki nyingi miezi mingi anajipunguzia shaba mwilini.

Madini joto (ayodini) unayapata kwenye chumvi. Iwe na nembo ya madini joto, ikae kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na mvuke wa jiko, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Huna haja ya vidonge.

Kalsiamu. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na mtindi vinafanya kazi kubwa. Kwa mjamzito ambaye chakula chake kina kalsiamu ndogo, WHO inashauri gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, kupunguza hatari ya kifafa cha mimba. Utumbo hauchukui vizuri zaidi ya miligramu 500 kwa mkupuo, kwa hiyo inagawanywa mara tatu, pamoja na chakula, na isikutane na kidonge cha chuma.

Vitamini D. Kwa anayetembea juani Tanga au Mombasa, mikono na uso wazi, kwa kawaida jua linatosha. Aliyehamia Uingereza ajue kwamba huko wenye ngozi nyeusi na wanaojifunika wanashauriwa kufikiria kumeza mikrogramu 10, yaani uniti 400, kila siku mwaka mzima. Vidonge vya uniti 50,000 ni vya wiki, vikiandikwa na daktari. Kuna watu wanavimeza kila siku kwa kusoma vibaya pakiti, na kalsiamu inapanda kwenye damu hadi figo zinaumia.

B12 na B6. Ganzi na kuwaka moto miguuni kwa mtu wa metfomini ni sababu ya kupimwa B12, si kudungwa sindano za vitamini kila mwezi bila mpango. Usianze foliki nyingi peke yake hapo: inaweza kurekebisha damu huku neva zikiendelea kuharibika kimya. B6 nayo, ikizidi kwa muda mrefu, huleta ganzi ileile uliyotaka kuiondoa.

Vitamini C. Haizuii mafua kwa watu wengi. Pera moja zuri linapita mahitaji yako ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni miligramu 75 hadi 90. Vile vidonge vya 1,000 vinavyotoa povu majini vina sodiamu pia, mwenye presha asivifanye soda.

Hatua ya 5: Soma kopo kwa nyuma

Mbele ya kopo ni tangazo. Geuza. Angalia kwanza kipimo kinachohesabiwa: namba zinaweza kuwa za vidonge viwili au vitatu, si kimoja. Kisha mg na mcg; mikrogramu 1,000 ndizo miligramu moja, na foliki ya mcg 400 ndiyo ileile ya mg 0.4. Kisha weka makopo yako yote mezani ujumlishe. Mtu anakuta "ya nywele", "ya macho" na "ya kinga" zote zina vitamini A, na anameza mara tatu bila kujua. Palipoandikwa "mchanganyiko maalumu" bila kutaja kiasi cha kila kitu, rudisha kopo rafuni.

Hatua ya 6: Usigonganishe na dawa

Hapa ndipo watu wanaumia zaidi, na wanaficha. Anayetumia TLD, kidonge cha ARV: dolutegraviri iliyo ndani yake inakamatwa na chuma na kalsiamu. Ameze TLD saa 2 kabla au saa 6 baada ya hivyo vidonge, au avimeze vyote pamoja na chakula kamili. Sipro na doksi nazo zinakamatwa na chuma, kalsiamu, zinki na magnesiamu, hivyo antibayotiki inapita bila kutibu. Dawa ya tezi ya shingo itenganishwe kwa saa 4. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze kopo lolote bila kuuliza. Potasiamu usijinunulie kabisa, hasa ukiwa na figo mbovu au unatumia dawa za presha kama losatani au enalaprili, kwani ikipanda inasimamisha moyo.

Mwambie daktari au mfamasia vyote unavyomeza, pamoja na vya semina na unga wa mlonge. Hatakucheka, na akikucheka, sema hivyohivyo.

Hatua ya 7: Kununua

Nunua famasi au duka la dawa lenye kibali. Tanzania Bara, dawa ziko chini ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) na bidhaa za chakula zilihamia TBS (Shirika la Viwango) mwaka 2019. Zanzibar wana wakala wao wa chakula na dawa. Tafuta usajili, namba ya toleo na tarehe ya kuisha, na usinunue vidonge vilivyomwagwa kwenye kifuko kisicho na jina. Kopo linalotibu presha, sukari, uvimbe wa kizazi na nguvu za kiume kwa pamoja linakuibia. Hayo ya nguvu za kiume yana hatari yake: mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuta "virutubisho vya asili" vyenye sildenafili (dawa ya hospitali ya nguvu za kiume) iliyofichwa, na ikikutana na dawa za moyo za aina ya naitreti, presha inaporomoka. Na yeyote anayekuuzia kirutubisho huku akikushauri uache ARV, insulini au dawa za presha, funga mlango.

Hatua ya 8: Pima tena, na tunza

Chuma kikifanya kazi, damu inapanda gramu 1 hadi 2 ndani ya mwezi. Rudi upime. Ikifika sawa, endelea kama miezi mitatu kujaza akiba, kisha acha. Isipopanda na unameza vizuri bila chai, usibadilishe kopo, tafuta panapovuja: hedhi nzito, minyoo ya safura, kichocho, vidonda vya tumbo, au selimundu na magonjwa mengine ya damu ambayo chuma hakiyagusi.

Vidonge vya chuma vingi ni vyekundu, vina sukari juu, na mtoto wa miaka miwili anaviona pipi. Vichache tu vinaweza kumuua. Viweke juu, kwenye kabati linalofungwa, si kwenye mkoba wala juu ya friji fupi. Akimeza, mpeleke hospitali papo hapo na chupa yenyewe ili wahesabu vilivyobaki. Atatapika, pengine ataharisha, halafu baada ya saa kadhaa ataonekana amepona na ataomba kucheza. Usirudi naye nyumbani kwa hilo: utulivu huo ni sehemu ya sumu ya chuma, na ini linaweza kuanza kushindwa baadaye.